KUCHEUA NA KUTAPIKA KWA MTOTO MCHANGA
Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Huenda baadhi ya wanachama wakastaajabu kwamba katika mkutano wenye ajenda za pembejeo, mizani na malipo ya mazao, imewekwa pia habari ya matapishi ya mtoto mchanga. Jambo hili lina mahali pake hapa. Wanachama wengi wa ushirika ni wazazi wa watoto wadogo, au ni mabibi na mababu wanaoulizwa shauri usiku mtoto anapougua. Tena, mara nyingi gari pekee lililo karibu, simu yenye chaji, na fedha taslimu zinazoweza kupatikana saa 8 usiku, vimo mikononi mwa viongozi wa chama cha msingi. Mtoto wa wiki 4 anayetapika hawezi kusema anaumwa wapi. Wanaomzunguka ndio wanaopaswa kujua ni lini watulie nyumbani na ni lini waamke waondoke.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo siku hizi huchanganywa, nayo ni kucheua na kutapika. Wafugaji wanalijua la kwanza kwa ng'ombe: chakula hurudi kinywani polepole, mnyama ametulia, haumwi. Mtoto mchanga naye hucheua. Maziwa humwagika pembeni mwa mdomo baada ya kunyonya, wakati mwingine pamoja na hewa, wakati mwingine yakiwa yameganda kama mtindi kwa sababu yameshakutana na ukali wa tumbo. Mtoto halii wala hakunji uso, na pengine hutabasamu akataka kunyonya tena. Kutapika ni jambo jingine: misuli ya tumbo hujikaza, mtoto hujikunja, na kilichomo tumboni hutoka kwa nguvu. Mzazi aliyezoea kuita yote mawili kutapika hufika zahanati akasema tu kwamba mtoto anatapika, na mganga hulazimika kuuliza maswali kumi kabla hajajua kama pana ugonjwa au hapana.

Sababu ya kucheua inaeleweka. Mahali ambapo umio huingia tumboni pana msuli wa duara ufanyao kazi kama kamba ya mdomo wa gunia. Kwa mtu mzima kamba hiyo hukaza. Kwa mtoto mchanga bado imelegea, naye hulala saa nyingi, chakula chake chote ni cha majimaji, na hunywa kingi kwa kulinganisha na ukubwa wa mwili wake. Yapata nusu ya watoto wenye umri chini ya miezi 3 hucheua angalau mara moja kwa siku. Hali hiyo huzidi kufikia mwezi wa 4, kisha hupungua kadiri mtoto anavyoweza kukaa na kuanza chakula kizito. Ni wachache sana wanaoendelea baada ya kutimiza mwaka.

Wingi wa maziwa yaliyomwagika huwadanganya watu. Mwenye shaka achukue vijiko viwili vya chai vya maziwa avimwage juu ya khanga kavu. Ataona doa kubwa ambalo lingemfanya aape kwamba mtoto ametoa yote aliyonyonya. Wanachama wa ushirika wanajua kuliko watu wengi kwamba gunia halikadiriwi kwa macho. Mtoto naye hupimwa. Ni kawaida mtoto kupungua uzito katika siku za kwanza baada ya kuzaliwa, na kufikia wiki 2 hivi anapaswa kuwa amerudia uzito aliozaliwa nao. Kuanzia hapo mstari katika kadi ya kliniki uende juu. Mtoto anayecheua mara sita kwa siku lakini mstari wake unapanda, anakojoa vizuri na kunyonya kwa hamu, si mgonjwa. Gharama yake ni sabuni ya kufulia khanga. Mtoto ambaye mstari wake umelala au umeshuka apelekwe kwa mganga, hata kama kinachotoka kinaonekana kidogo.

Kwa mtoto anayecheua na kunenepa hakuna dawa inayohitajika. Yafaa anyonyeshwe kichwa kikiwa juu kuliko tumbo, na titi liingie vema kinywani, chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka, ili asimeze hewa. Akimaliza awekwe begani na kupapaswa mgongo hadi abeue, kisha ashikwe wima kwa nusu saa hivi kabla ya kulazwa. Asirushwerushwe, wala nepi isimbane tumbo. Anyonyaye kidogo kidogo mara nyingi hucheua kidogo kuliko anyonyaye kwa pupa baada ya kukaa na njaa. Hapa ndipo kazi ya msimu inapoleta taabu: mama aliyeshinda kwenye foleni ya kupimisha pamba hurudi titi limejaa, mtoto ana njaa kali, na maziwa huingia kwa kasi. Chama kinachowatanguliza kwenye mizani akina mama wanyonyeshao hakipotezi hata shilingi moja.

Wakati wa kulala, mtoto alazwe chali. Wazee wengi huhofu kwamba mtoto anayecheua akilala chali atapaliwa, hivyo humlaza kifudifudi. Hofu hiyo inaeleweka, lakini maumbile yanaipinga: mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, na maziwa yanayorudi hubaki chini. Watoto wanaolazwa kifudifudi ndio wanaokabiliwa zaidi na hatari ya kufa ghafla usingizini. Mito chini ya kichwa nayo haisaidii. Haifai pia kumpa mtoto wa miezi 2 maji, dawa za mchango au uji mwepesi ati maziwa yashuke. Hadi atimize miezi 6 maziwa ya mama yanamtosha. Ikiwa kwa sababu maalumu mtoto analishwa maziwa ya kopo, unga upimwe kama kopo linavyoeleza. Ukizidishwa humwumiza mtoto na kumtia kiu, na ukipunguzwa ili kopo lifike mwisho wa mwezi mtoto hudhoofika huku akionekana anashiba. Kikombe kinachosuguliwa na kuchemshwa ni salama kuliko chupa yenye chuchu ya mpira, ambayo ni vigumu kuisafisha.

Yapo, hata hivyo, matapishi yasiyongoja kesho, na alama ya kwanza ni rangi yake. Maziwa ni meupe, na yakiganda hubaki meupe. Matapishi ya kijani, mfano wa mchicha uliopondwa, yana nyongo ndani yake. Nyongo humwagikia kwenye utumbo, mbele ya tumbo la chakula. Mtoto mchanga akiitapika, huenda njia imeziba huko mbele. Kwa baadhi ya watoto utumbo haukujipanga vema tangu walipokuwa tumboni mwa mama, na siku moja hujisokota kama kamba, mishipa ya damu ikanyongeka. Utumbo uliokosa damu huanza kufa baada ya saa chache. Mtoto huyo huenda alikuwa mzima asubuhi, na jioni akawa hoi. Tumbo lake si lazima livimbe, na homa si lazima iwepo. Kwa hiyo matapishi ya kijani, hata yakitokea mara moja tu, ni sababu ya kuondoka saa hiyo hiyo kwenda hospitali yenye daktari wa upasuaji. Asiyeelewa uzito wa jambo hili atasema wangoje waone kama yatajirudia. Yasingojewe.

Kwa mtoto wa siku moja au mbili, rangi hiyo iangaliwe pamoja na choo cha kwanza, kile cheusi chenye kunata. Watoto wengi sana waliotimiza miezi yao hukitoa katika saa 24 za kwanza. Asiyekitoa, tumbo likajaa na akaanza kutapika, ana kizuizi. Mkunga anayezalisha nyumbani asisahau kutazama kama njia ya haja kubwa ipo, kwa kuwa wapo wanaozaliwa bila hiyo na hugunduliwa wakiwa wamechelewa.

Damu katika matapishi inahitaji maelezo kidogo, maana huwatia wazazi hofu kuu. Mara nyingi nyuzi nyekundu katika maziwa yaliyocheuliwa hutoka katika chuchu ya mama iliyopasuka, na mtoto mwenyewe hana tatizo lolote. Mama ajitazame. Hata hivyo uamuzi wa kwamba damu ni ya mama na si ya mtoto aachiwe mganga, na ikiwa matapishi yana rangi ya machicha ya kahawa, basi damu imekaa tumboni na safari isicheleweshwe.

Ugonjwa mwingine unastahili kusimuliwa kwa urefu, kwa sababu huanza kwa kufanana na kucheua na huwapumbaza hata watu wazoefu. Chukulia mtoto wa kiume, mzaliwa wa kwanza, aliyezaliwa mzima na kunyonya vizuri. Anapofikisha wiki 3 anaanza kucheua kuliko kawaida. Bibi anasema ni jambo la watoto, na siku hiyo anasema kweli. Baada ya siku chache maziwa hayamwagiki tena pembeni mwa mdomo. Yanaruka mbele, yanafika ukutani au juu ya magoti ya mtu aliyekaa mbali. Ni meupe, hayana kijani. Akishatapika analia njaa, ananyonya kwa nguvu, na kabla ya nusu saa anatapika tena. Choo kinakuwa haba, mkojo unapungua, ngozi ya mapaja inaanza kukunjamana na uso unakuwa wa mzee mdogo. Mtu akimtazama tumbo mara baada ya kunyonya anaweza kuona wimbi likipita chini ya ngozi, kutoka kushoto kwenda kulia.

Mtoto huyo ana unene wa msuli katika mlango wa chini wa tumbo, mahali chakula kinapotoka kuingia utumboni. Msuli umenenepa hadi tundu limekuwa jembamba mno. Huwapata wavulana yapata mara nne kuliko wasichana, na dalili huanza kwa kawaida kati ya wiki ya 2 na ya 8. Zamani wengi wa watoto hao walikufa kwa njaa na kiu mikononi mwa mama zao. Mwaka 1912 daktari wa Kijerumani, Conrad Ramstedt, alitangaza namna ya kuupasua msuli huo kwa urefu bila kutoboa ngozi laini ya ndani, na operesheni hiyo ndiyo itumikayo mpaka leo. Ni fupi, na mtoto huweza kuanza kunyonya tena baada ya muda mfupi. Lakini daktari hawezi kumpasua mtoto aliyekauka. Kwanza maji na chumvi za mwili hurudishwa kwa dripu, jambo ambalo huchukua siku moja au zaidi, na kadiri mtoto alivyocheleweshwa ndivyo kazi hiyo inavyokuwa ndefu na ya hatari. Upasuaji wa watoto hufanyika Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Mganga wa wilaya ndiye atakayejua wapi ni karibu na nani apigiwe simu.

Hapa hapa litajwe jambo linalofanyika mno katika maduka ya dawa vijijini. Mtoto wa wiki 2 akikohoa au akitokwa na usaha jichoni, mzazi hununua dawa ya maji ya kuua vijidudu bila cheti. Mojawapo, erithromaisini, ikitolewa katika wiki za kwanza za maisha huongeza uwezekano wa kupata ugonjwa huu wa msuli. Dawa za kuzuia kutapika nazo si za mtoto mchanga. Ipo iliyo maarufu kwa watu wazima ambayo humfanya mtoto akaze shingo na kugeuza macho, na watu wakasema ni degedege au pepo. Mwenye duka anayekataa kuuza dawa hizo kwa ajili ya mtoto wa wiki chache asilaumiwe.

Kutapika pia ni lugha ya magonjwa yaliyo mbali na tumbo. Maambukizo ya damu, ya njia ya mkojo na ya utando wa ubongo huanza hivyo kwa mtoto mchanga. Mwenye umri chini ya miezi 2 ambaye joto lake limefika nyuzi 37.5 au zaidi, au amekuwa baridi chini ya nyuzi 35.5, au ameacha kunyonya, au anapumua kwa shida, au amelegea hata haamki vizuri, apelekwe mara moja, atapike asitapike. Utosi uliovimba na kukaza wakati mtoto ametulia ni alama mbaya sana. Mtoto anayekohoa mfululizo hadi anatapika na kugeuka rangi huenda ana kifaduro, na huyo aulizwe habari ya chanjo zake. Aliyetapika baada ya kuanguka kitandani au kuponyoka mikononi mwa dada yake asiadhibiwe dada hata akaficha habari. Habari ile ndiyo dawa ya kwanza. Kati ya miezi 4 na 10 huweza pia kutokea sehemu ya utumbo kuingia ndani ya sehemu nyingine kama mkono wa shati uliokunjwa. Mtoto hulia kwa ghafla akikunja magoti, hunyamaza akiwa amepauka, hulia tena, na hatimaye hutoa kamasi yenye damu. Huyo naye ni wa hospitali.

Ushirika una dhamana yake katika sumu. Viuatilifu vya pamba na kahawa vikihifadhiwa katika chupa za soda, au mama akirudi kutoka kunyunyiza dawa akanyonyesha na nguo zile zile, mtoto huweza kudhurika. Atatapika, atatokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho zitakuwa ndogo kama ncha ya sindano, na pumzi itakuwa na majimaji. Asitapishwe kwa vidole wala kwa mafuta. Avuliwe nguo, aoshwe kwa maji na sabuni, na kopo lenye lebo ya dawa lipelekwe pamoja naye hospitali. Mtunza ghala akikataa kumpimia mwanachama kiuatilifu katika chupa ya soda, uongozi umuunge mkono.

Ndugu Wanachama, kutapika kunakofuatana na kuhara ndiko kunakoonekana zaidi majumbani, na matibabu yake makuu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipojaza wakimbizi nchini India, kipindupindu kiliingia kambini Bangaon na dripu zikawa haba. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza maji yachanganywe na sukari na chumvi kwa vipimo, yawekwe katika mapipa yenye bomba, na ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikifikia 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka chini ya 4. Pakiti za ORS zinazotolewa zahanati ni matunda ya kazi ya namna hiyo. Pakiti moja ya kawaida huchanganywa na lita 1 kamili ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yaani chupa mbili za nusu lita, na yaliyobaki baada ya saa 24 humwagwa. Asitokee mtu akampa mtoto mchanga maji ya chumvi ya kukisia kwa vidole, kwani chumvi ikizidi hudhuru ubongo.

Mnyweshaji awe na subira. Kijiko kimoja, dakika moja au mbili, kijiko kingine. Mtoto akitapika, angojwe dakika 10, kisha aanzwe upya polepole zaidi. Wengi hukosea hapa: huona matapishi wakaacha kabisa, au humimina kikombe kizima kwa mara moja ili kufidia. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 kiasi cha robo hadi nusu kikombe kikubwa baada ya kila choo cha majimaji kinatosha. Kunyonya kusikome hata kidogo, bali kuzidi. Aliye chini ya miezi 2 anyonyeshwe mara nyingi na apelekwe zahanati siku ile ile, kwa kuwa mwili wake hauna akiba. Kwa mtoto anayehara, mganga pia hutoa zinki kwa siku 10 hadi 14, na siku hizo zikamilishwe hata kama kuhara kumekoma mapema. Chanjo ya rota, dhidi ya kirusi kinachosababisha kuhara na kutapika kukali, ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2013, na dozi ya kwanza huangukia wiki ya 6. Mama asikubali wiki hiyo impite kwa ajili ya palizi.

Mtoto aliyepungukiwa maji hujulikana kwa macho yaliyoingia ndani, utosi uliobonyea, kinywa kikavu, na ngozi ya tumbo ambayo ikifinywa hurudi polepole. Baada ya siku za kwanza mtoto anyonyaye vizuri hulowesha nepi mara 6 au zaidi kwa siku. Zikihesabiwa mbili au tatu tu, pana upungufu. Machozi yasitumiwe kumpima mtoto wa wiki chache, maana wengi wa umri huo hulia bila machozi hata wakiwa wazima. Mtoto anayetapika kila kitu anachopewa, asiyeweza kunyonya, aliyepata degedege au aliyezimia si wa kunyweshwa nyumbani tena.

Limebaki jambo gumu, na lisemwe kwa heshima ya wazee. Katika vijiji vingi mtoto anayetapika hupelekwa kwanza kukatwa kimeo. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, na kila binadamu amezaliwa nacho. Mkataji humfungua mtoto kinywa, hukionyesha kwa bibi na mama, na wote hukiona kweli. Wangekiona vile vile kwa mtoto mzima wa jirani. Kwa namna hiyo hiyo tangu miaka ya 1980 imejulikana Tanzania imani ya meno ya plastiki, wengine huyaita ya nailoni. Fizi za mtoto mwenye kuhara na kutapika hupasuliwa, na kijino cheupe ambacho hakijakomaa huchokolewa na kuonyeshwa kuwa ndicho kilicholeta ugonjwa. Kijino hicho ni chonge lake la utotoni, na chombo kikizama zaidi huharibu hata chonge la ukubwani. Chombo hicho kimepita katika vinywa vingi. Huleta damu isiyokoma, pepopunda, usaha na maambukizo ya virusi vya UKIMWI, na kinywa kilichojeruhiwa hakiwezi kunyonya wakati ule ule ambapo kunyonya ndiko kungemwokoa mtoto.

Kwa nini basi watu wenye akili zao huamini? Kwa sababu kutapika kwa ugonjwa wa kuhara kwa kawaida hukoma baada ya siku 1 au 2, na karibu daima kabla ya siku 3, mtoto akatwe asikatwe. Aliyekatwa siku ya pili hupona siku ya tatu, na mkataji huchukua sifa. Yule aliyekuwa na utumbo uliojisokota hufa, na huyo hahesabiwi katika kazi ya mkataji. Husemwa tu kwamba alicheleweshwa kukatwa. Wajumbe wanawake wa halmashauri, ambao husikilizwa jikoni kuliko mganga anavyosikilizwa zahanati, wanaweza kuieleza hesabu hii vizuri kuliko waraka wowote.

Hatimaye yatajwe mambo ambayo chama cha msingi kinaweza kuyaamua katika kikao kimoja. Wakati mwingi hupotea kwa kungoja: kumngoja baba arudi mnadani, kungoja kupambazuke, kungoja malipo ya pili. Halmashauri iandike katika kumbukumbu zake kwamba gari la chama, kama lipo, hutoka usiku kwa mtoto mgonjwa bila kungoja saini ya mwenyekiti, na kwamba dereva na katibu wajulishane mahali ufunguo ulipo. Pasipo gari, apatikane mwanachama mwenye pikipiki atakayekubali kuamshwa, na nauli yake ijulikane mapema. Kiasi kidogo cha fedha kitengwe kwa mkopo wa dharura, kitolewe kwa mama mwenyewe hata kama uanachama ni wa mumewe, na kikatwe katika mauzo. Watoto wachanga wenye umri wa hadi siku 28, pamoja na wajawazito na waliojifungua, wamewekewa pia usafiri wa dharura wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ambao huitwa kwa simu bila malipo kwa namba 115.

Mtoto anayesafirishwa afungwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, afunikwe asipate baridi, na aendelee kunyonya njiani; isipokuwa anayetapika kijani, ambaye asilazimishwe kunywa kitu mpaka mganga aamue. Ichukuliwe kadi ya kliniki, pamoja na dawa zote alizopewa, za duka na za miti shamba, bila kuficha. Khanga yenye matapishi isifuliwe. Ikunjwe ipelekwe kama ilivyo, kwa kuwa rangi iliyomo humwambia daktari katika dakika moja kile ambacho maneno ya watu wenye hofu hayawezi kumwambia.

Makatibu wanaombwa kuandika namba 115, namba ya mganga wa zahanati na ya dereva kwa herufi kubwa kwenye ubao ule ule unaobandikwa bei za mazao, na kuhakikisha kabla ya msimu kufunguliwa kwamba namba hizo bado zinapokelewa.